Waldo Semon na Mpira wa Maabara

Mpira wa asili ni minyororo mirefu ya molekuli za isoprini, iliyojikunja kama nyuzi. Ukivutwa, minyororo hunyooka. Ukiachwa, hujikunja tena. Mkemia atakaye kuunda mpira pasipo mti hana budi kuiga tabia hiyo.

Waldo Semon, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1898, aliajiriwa na kampuni ya B.F. Goodrich mwaka 1926, akapewa kazi ya kutafuta gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Alichemsha polivinili kloridi, dutu ngumu iliyodhaniwa haina faida, katika kimiminiko chenye kiwango cha juu cha kuchemka. Gundi hakuipata, alipata kitu laini chenye kunepa. Molekuli za kimiminiko zilikuwa zimejipenyeza baina ya minyororo na kupunguza mvutano wake, nayo ikaweza kuteleza. Plastiki ya namna hiyo hufunika nyaya za umeme hadi leo.

Mwaka 1940 Semon na wenzake walitoa Ameripol, mpira uliotokana na butadiini. Mapema mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliteka Malaya na Java, palipotoka sehemu kubwa ya mpira wa dunia. Marekani ikalazimika kujenga haraka viwanda vya kuunganisha butadiini na stairini; ujuzi uliokwisha kupatikana maabarani ndio uliowezesha jambo hilo.

Semon alistaafu mwaka 1963, akafariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 100.

Zoezi: Kwa nini plastiki laini hukakamaa ikikaa juani miaka mingi? Fikiria kimiminiko kilichomo ndani yake.