Dawa na Ihtikari

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: yampasa Muislamu ajue ya kuwa kujitibu kumeamrishwa katika dini, na kumsaidia mgonjwa apate dawa ni katika mema makubwa. Lakini ziko dawa zilizokwisha patikana, na wagonjwa wakafa nazo zimo madukani, kwa sababu ya bei tu. Jambo hili lataka kutazamwa kwa jicho la sharia.

Mfano ulio wazi ni wa Misri. Tangu miaka ya 1950 hata ya 1980, watu wengi wa shamba katika bonde la mto Nili walidungwa sindano za kutibu kichocho, na sindano zile zile zikitumiwa kwa mtu baada ya mtu pasipo kutakaswa vyema. Kwa njia hiyo ikaenea homa ya ini aina ya C, maradhi yakaayo mwilini kimya miaka mingi, kisha yakaliharibu ini.

Mwaka 2013 dawa yake, iitwayo sofosbuvir, ilipewa idhini Marekani. Kampuni ya Gilead ikaiuza huko kwa dola 1,000 kila kidonge, yaani dola 84,000 kwa majuma 12 ya matibabu. Wala isidhaniwe ya kuwa walioikosa ni maskini wa nchi za mbali peke yao. Huko huko Marekani, majimbo mengi yalishurutisha ya kuwa maskini atibiwaye kwa mali ya serikali asipewe dawa hiyo mpaka ini lake liwe limekwisha haribika sana. Basi utajiri wa nchi haukumfaa asiye na kitu.

Mwaka 2014 serikali ya Misri ilipatana na kampuni hiyo kwa dola 900 kwa majuma 12. Kisha viwanda vya Misri vyenyewe vikaitengeneza, bei ikashuka chini ya dola 100. Watu wakaitwa kupimwa bure, wa mjini na wa shamba. Waliopimwa wakazidi milioni 60, na waliotibiwa wakazidi milioni 4. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja ya dhahabu katika njia ya kuiondosha homa hiyo. Dawa ni ile ile. Kilichogeuka ni bei.

Mtume (S.A.W.) amekataza ihtikari, nayo ni kuzuia bidhaa ili ipande bei na hali watu wana haja nayo. Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii wameihusisha na vyakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, ameieneza katika kila kitu ambacho kuzuiwa kwake kwadhuru watu. Mwenye kuipima kauli hii ataona ya kuwa dawa haiko mbali na chakula, kwani mwenye njaa na mgonjwa wote wawili wako ukingoni mwa mauti.

Ama aliyeivumbua dawa ana haki ya kulipwa, kwani ametumia mali yake na elimu yake, na dini haiwadhulumu wafanya kazi. Lakini kutaka ujira ni jambo moja, na kufunga mlango hata afe aliye nje ni jambo jingine.

Waislamu wa zamani waliijua njia. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo, akaiwekea wakfu. Tajiri na maskini, waume kwa wake, wakitibiwa humo bila ya malipo.

Watu wa pwani wazoea kuwakifu minazi na nyumba kwa ajili ya misikiti. Hapana kizuizi mtu kuwakifu fungu la kodi ya nyumba yake kwa dawa za wasiojiweza, wala jamaa ya msikiti mmoja kukusanya mali kwa kazi hiyo. Na mwenye kuandikiwa dawa ya ghali na amuulize tabibu kama iko nyingine ya asili ile ile, yenye jina jingine na bei nafuu. Kuuliza si aibu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mponyaji, na kwake yeye ndiko kuwafikishwa.