Samaki wa Ghubani na Hesabu ya Subira

Mkulima mwenye akili hali mbegu zake zote kisha akangojea mavuno. Mvuvi naye anazo mbegu zake, ila hazimo ghalani. Zimo katika maji haba ya ghuba na hori za pwani.

Tuitazame Ghuba ya Gazi, iliyo yapata kilomita 50 kusini ya Mombasa. Mito ya Kidogoweni na Mkurumudzi huingia humo na kuleta rutuba ya bara. Majani ya mikoko huanguka, huoza, na kuwa chakula cha vidudu ambavyo huliwa na kamba na samaki. Kwa kuwa maji si ya kina kirefu, jua hufika mpaka chini, na nyasi za bahari humea kwa wingi. Tena mwamba ulioko nje huvunja nguvu za mawimbi, na mizizi ya mikoko huwaficha wadogo wasiliwe na wakubwa. Ndiyo sababu kamba na samaki wengi, ambao wazazi wao huzaa baharini, huingia ghubani na maji kujaa wakiwa wadogo mno, hukua humo, kisha hurudi nje.

Sasa tufanye hesabu. Urefu wa samaki ukiongezeka mara mbili, naye asibadili umbo, uzito wake huongezeka mara nane. Kwani hukua urefu, upana na unene pamoja. Basi samaki wa sentimita 10 akiwa na gramu 10, akifika sentimita 20 atakuwa na gramu 80, na akifika sentimita 40 atakuwa na gramu 640. Ni kweli kwamba wengine hufa kabla ya kukua. Lakini katika wanane wa sentimita 10, hata wakisalia wawili tu wakafika sentimita 20, mvuvi amepata maradufu. Na jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko mdogo.

Mwaka 2001 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya la kukokotwa ufuoni, kwa kuwa huzoa wakubwa na wadogo na kung'oa nyasi. Walakini sheria peke yake haitoshi. Mwenye watoto wenye njaa si rahisi kumwambia asubiri. Na akisubiri yeye, jirani yake akatega chandarua, subira yake ni hasara. Kwa hiyo yafaa wavuvi wa kila bandari wapatane pamoja juu ya matundu ya nyavu na mahali pa kuacha wadogo wakue.

Bandu bandu huisha gogo, na ghuba nayo huisha vivyo hivyo.