SOMO LA AFYA: Meno ya Mtoto Huanza Tumboni, Tusiyachimbe

Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifikiria: meno ya mtoto yanatoka wapi? Someni pole pole, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Mwishoni kuna jaribio la kufanya na maswali ya kuzungumzia.

Mfano wa kuanzia

Mama mmoja ana mtoto wa miezi sita. Mtoto anaharisha siku ya tatu sasa, mwili una joto, na analia usiku kucha. Mama mkwe anamwangalia mdomoni, anapapasa ufizi, anatikisa kichwa.

"Mwanangu, unaona huu uvimbe mweupe? Hayo ni meno mabaya. Ndiyo yanamharisha. Twende kwa yule mzee ayatoe kabla hayajamuua."

"Lakini mama, si tumpeleke dispensari kwanza?"

"Dispensari hawayajui haya. Hata mume wako alitolewa, na si yuko hai?"

Mzee anachukua spoku ya baiskeli iliyochongwa, anachimba ufizi, anatoa vitu vinne vidogo, vyeupe na laini. Anamwonyesha mama: "Ona, wadudu hawa!" Mama anaviona kwa macho yake mwenyewe, basi anaamini.

Je, vile vitu vyeupe vilikuwa nini? Tukitaka kujibu, inabidi turudi nyuma, mpaka tumboni.

1. Mbegu za meno hupandwa mapema

Hesabu tangu siku mimba inapotungwa. Kufikia wiki ya sita, mtoto ana ukubwa wa punje ya harage tu. Akina mama wengi wakati huo hata hawajajua kwa hakika kama ni wajawazito. Lakini tayari ndani ya kinywa chake kidogo, ngozi laini ya taya la juu na la chini inaanza kuwa nene, kama tuta lililoandaliwa shambani.

Kufikia wiki ya nane, kwenye tuta hilo kumetokea vichipukizi: kumi juu na kumi chini. Hayo ndiyo meno 20 ya utoto, yote yakiwa tayari na mahali pake. Kila kichipukizi kinazama ndani ya taya na kujikunja kama kikombe kilichofunikwa. Ndani ya kikombe ndimo jino linamojengwa.

Karibu mwezi wa nne wa mimba, kazi ya kuyafanya magumu inaanza. Madini ya chokaa kutoka katika damu ya mama yanawekwa tabaka juu ya tabaka, yakianzia ncha ya jino na kushuka. Meno ya mbele hutangulia, kisha magego, na chonge pia. Siku mtoto anapozaliwa, vichwa vya meno yake ya mbele vimekaribia kumalizika. Chonge limejengwa kama theluthi moja tu, na sehemu iliyobaki bado ni laini. Mizizi haijaanza kabisa.

Kwa hiyo mtoto mchanga tunayesema hana meno, anayo. Yamelala chini ya ufizi kama mbegu chini ya udongo.

Kuna jambo lingine la ajabu. Wataalamu wakikata jino la utoto na kulitazama kwa hadubini, wanaona mstari mwembamba. Mstari huo ni alama ya siku ya kuzaliwa. Sehemu iliyojengwa tumboni iko upande mmoja, na iliyojengwa baada ya kuzaliwa iko upande wa pili.

2. Meno ya ukubwani nayo yapo

Nyuma ya vichipukizi vya utoto, vichipukizi vya meno ya kudumu vinaanza pia kabla ya kuzaliwa. Gego kubwa la kwanza, lile linalotokea mtoto akiwa na miaka kama sita, huanza kuwa gumu karibu na siku ya kuzaliwa. Chonge la kudumu huanza kuwa gumu mtoto akiwa na miezi minne au mitano, ingawa litatokeza tu akiwa na miaka 9 hadi 12. Nalo limelala karibu sana na lile chonge la utoto.

Shikeni neno hili, maana tutalirudia.

3. Midomo na kaakaa

Uso wa mtoto hujengwa kwa vipande vinavyokutana na kushikana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya nne na ya saba. Kaakaa, yaani dari ya kinywa, huungana kati ya wiki ya sita na ya tisa. Mwanzoni ulimi husimama katikati ya pande mbili za kaakaa, kisha hushuka, na pande hizo huinuka zikashikana.

Ikiwa hazikushikana, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka, ambao wengine huuita mdomo wa sungura, au na tundu kwenye kaakaa. Hii si laana, wala si dhambi ya mama, wala si kwa sababu alicheka mtu. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Uvutaji wa tumbaku, ulevi, na dawa nyingine zikitumiwa mapema katika mimba huongeza hatari. Upasuaji upo na unasaidia. Mpelekeni mtoto hospitali mapema, hasa akishindwa kunyonya.

4. Meno mabaya ni meno gani?

Sasa turudi kwa yule mtoto wa miezi sita. Katika jamii kadhaa za Kenya, Tanzania na Uganda, uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga huitwa ugonjwa. Tanzania watu husema meno ya plastiki au meno ya nailoni. Uganda magharibi huitwa ebiino. Mara nyingi yanayochimbwa ni yale manne yaliyo mahali pa chonge.

Ukweli ni huu: ule uvimbe ni chonge la utoto linalokua. Ni lilelile lililopandwa tumboni wiki ya nane. Linaonekana laini kwa sababu halijakomaa. Ukichimbua harage siku ya nne baada ya kupanda, utakuta kitu cheupe, laini, kilichojikunja kama funza. Je, ni mdudu? Hapana. Ni mmea ambao hukuungoja.

Mbona basi mtoto aliharisha? Angalieni umri. Kati ya miezi minne na mwaka mmoja ndipo mtoto anapoanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Ndipo anapoanza uji na maji, na chombo pengine hakikuoshwa vizuri. Ndipo kinga aliyopewa na mama tumboni inapopungua. Viini vya ugonjwa vinaingia na anaharisha. Wakati huohuo meno yanasukuma ufizi. Mambo mawili yametokea pamoja, nasi tukamlaumu yule tunayemwona.

5. Madhara ya kuchimba

- Mtoto hutoka damu nyingi, na damu ya mtoto ni kidogo.
- Chombo kichafu huleta pepopunda, usaha, na sumu katika damu. Kikitumiwa kwa watoto wengi, kinaweza kueneza virusi vya Ukimwi na homa ya ini.
- Kidonda humzuia kunyonya, na yule aliyekuwa anaharisha anazidi kukauka maji. Watoto wengine wamekufa.
- Anayepona anaweza kukua bila chonge, au chonge la kudumu likatoka limepinda na kuharibika. Ndiyo sababu tulisema limelala karibu. Spoku haijui kuchagua.

Tena, ugonjwa wenyewe uliomleta mtoto haujatibiwa. Akipona, tunasema ni kuchimba. Akifa, tunasema tulichelewa kuchimba. Hapo mila haiwezi kushindwa kamwe, na mtoto ndiye anayelipa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 hapa Kenya inamlinda mtoto dhidi ya mila zinazomdhuru.

6. Tufanye nini basi?

Mtoto akiharisha:
- Endelea kumnyonyesha, hata zaidi ya kawaida.
- Mpe maji ya ORS, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, na dawa ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Zote hupatikana dispensari.
- Mpeleke haraka ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, amelegea, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, ana degedege au joto kali.

Mtoto akiota meno: ufizi huwasha na mate hutoka. Mpapase kwa kidole kilichooshwa vizuri. Kuota meno hakuleti kuharisha kwa siku nyingi wala joto kali. Ukiona hayo, tafuta ugonjwa.

Mama akiwa mjamzito:
- Aende kliniki mapema na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa.
- Ale maharagwe, maziwa, omena, sukuma wiki, terere na managu kadiri vinavyopatikana. Meno ya mtoto yanajengwa kwa chakula hicho.
- Asinunue dawa dukani hivi hivi. Kwa mfano, tetrasaiklini ikimezwa baada ya mwezi wa nne wa mimba hutia meno ya mtoto rangi ya manjano au kahawia ambayo haiondoki kwa kusugua.
- Apige mswaki kila siku, na akitapika asukutue kwa maji. Ati kila mtoto huondoka na jino moja la mama? Si kweli. Mtoto hachukui chokaa kwenye meno ya mama. Kama chakula ni haba huichukua kwenye mifupa. Meno ya mama huoza kwa uchafu, sukari na asidi ya matapishi.

7. Neno kwa wazee wetu

Nyanya na wazee wanaopeleka watoto kuchimbwa hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanampenda mjukuu na wanaogopa kifo. Kwa hiyo tusiwadharau mbele za watu. Yule mama angeweza kumwambia mama mkwe: "Mama, nimekusikia, nami pia ninaogopa. Tufuatane dispensari sasa hivi, wewe na mimi, umwulize daktari mwenyewe juu ya huu uvimbe." Mzee akiheshimiwa namna hiyo anaweza kuwa mwalimu wa kijiji kizima.

Kumbukeni pia habari ya kigego, yule mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Zamani pwani na kwingineko alihesabiwa kuwa mkosi, na wengine waliuawa. Leo tunajua meno ya juu na ya chini yote hupandwa pamoja tumboni, na kutangulia ni kutangulia tu. Wazee waliiacha mila ile. Hii nayo inaweza kuachwa.

JARIBIO LA KIKUNDI

Pandeni maharagwe kumi kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu. Siku ya nne chimbueni mawili. Mwonyesheni mtu ambaye hakuwaona mkipanda, mmwulize ni kitu gani. Yale mawili yaacheni juani, na manane yaliyobaki myamwagilie. Baada ya wiki mbili, wekeni yote mezani mkutanoni na mlinganishe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika kijiji chetu uvimbe wa ufizi wa mtoto huitwaje? Watu husema unaletwa na nini?
2. Je, kuna mtu hapa asiye na chonge kwa sababu alichimbwa utotoni? Yuko tayari kutueleza?
3. Kutoka hapa mpaka dispensari ni mwendo gani? Usiku tunafikaje? Kikundi kinaweza kuweka akiba ya nauli ya mtoto mgonjwa?
4. Nani atazungumza na wale wanaochimba, na atawaambia nini ili wasione aibu bali wawe wasaidizi?

Kikundi kikishajibu swali la tatu, andikeni mpango wenu kwenye daftari la kikundi, pamoja na jina la mtu wa kuitwa usiku. Mtoto akiharisha saa nane za usiku, hakutakuwa na nafasi ya kuitisha mkutano.