Kamera na mchango wa zahanati

SWALI: Nina studio ndogo ya picha mjini Sumbawanga. Kijijini kwetu tunachangia ujenzi wa zahanati. Picha zangu zitasaidiaje?

JIBU: Ndugu yangu, usianze na mtoto aliyevaa matambara. Huruma yake ni ya siku moja, lakini picha mtoto ataishi nayo. Piga ujenzi wenyewe, msingi hadi bati, kila mara ukisimama palepale na kuandika tarehe. Mfipa wa kwenu aliyeko Dar es Salaam akiona ukuta umefika kwenye linta, ataongeza mchango. Kalenda yenye maporomoko ya Kalambo na msitu wa Mbizi nayo huuzika, hasa Desemba.

Omba ruhusa kabla ya kupiga. Ya mtoto iombe kwa mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hata picha. Hapa sina mzaha: mkoa wenu wa Rukwa ni kati ya mikoa ambako watu wenye ualbino wamewahi kushambuliwa. Picha ya mtoto mwenye ualbino usiisambaze na jina la kijiji au shule, hata kwa nia njema, na zima kwanza kitambua mahali kwenye simu.

Ukimaliza, wasafishie waliopigwa nakala zao, bure.