Serikali Hamsini Ndani ya Nchi Moja

Mara nyingi tunasikia redioni kwamba gavana wa jimbo fulani la Marekani amekataa jambo analolitaka Rais, au kwamba jimbo fulani limeishitaki serikali ya Rais mahakamani. Baadhi yetu hushangaa. Mkuu wa mkoa atampingaje Rais aliyemteua, na kesho yake aamke bado yumo ofisini? Jibu ni kwamba gavana wa kule hakuteuliwa na Rais. Na jimbo la kule si mkoa.

Marekani ina majimbo 50. Yale 13 ya kwanza yalikuwa makoloni ya Mwingereza. Yalijitangazia uhuru mwaka 1776, na mengi yao yakajiandikia katiba zao kabla Katiba ya nchi nzima haijaandikwa mwaka 1787. Katiba ya jimbo la Massachusetts ni ya mwaka 1780, nayo inatumika mpaka leo, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Basi tusidhani kwamba Serikali Kuu ndiyo iliyoyazaa majimbo. Majimbo hayo ndiyo yaliyokaa pamoja yakaiunda Serikali Kuu, na yale yaliyoingia baadaye yalipewa hadhi ile ile. Mwaka 1791 Katiba iliongezwa kifungu kinachosema kuwa madaraka ambayo Serikali Kuu haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Anayetaka mfano wa karibu asitazame mkoa, atazame Zanzibar, yenye Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake ndani ya Muungano. Mfano huo haulingani kila upande, lakini unasaidia.

Kwa hiyo Serikali Kuu iliyoko Washington inashughulika na jeshi, fedha, forodha na mikataba na nchi za nje. Mambo mengi yanayomgusa mtu kila siku ni ya jimbo: ndoa na talaka, shule, leseni ya udereva, mirathi, ununuzi wa shamba, wizi, hata mauaji. Sheria za jimbo moja si lazima zifanane na za jirani yake. Michigan ilifuta adhabu ya kifo kwa wauaji katika miaka ya 1840. Texas inayo hadi leo.

Kila jimbo lina mihimili mitatu, yaani nguzo tatu za utawala. Gavana anachaguliwa kwa kura za wananchi, karibu kila mahali kwa miaka minne. New Hampshire na Vermont ni miaka miwili tu. Bunge la jimbo hutunga sheria na kupitisha fedha. Mabunge haya yana nyumba mbili, isipokuwa Nebraska, ambayo tangu mwaka 1937 ina nyumba moja. New Hampshire ni jimbo dogo, lakini nyumba yake moja ina wajumbe 400, na mshahara wa kila mmoja ni dola 100 kwa mwaka. Sijui nani kati yetu angegombea kazi hiyo! Bunge likipitisha muswada, gavana anaweza kuukataa. Bunge nalo, likipata kura nyingi kama katiba ya jimbo inavyotaka, linaweza kuupitisha bila yeye.

Mhimili wa tatu ni mahakama, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Marekani ina ngazi mbili za mahakama zilizosimama pamoja. Ngazi ya kwanza ni ya Serikali Kuu. Majaji wake wanateuliwa na Rais, wanathibitishwa na Seneti, na hawana kikomo cha miaka. Juu kabisa ipo Mahakama ya Juu ya Marekani, yenye majaji tisa. Ngazi ya pili ni ya jimbo: mahakama zinazosikiliza mashahidi, halafu za rufani, halafu mahakama ya juu ya jimbo. Kesi nyingi kabisa za nchi ile zinaanza na kumalizika katika ngazi hii ya pili. Katika majimbo mengi majaji hugombea na kupigiwa kura kama wabunge. Kwingine huteuliwa na gavana. Sisi tunaona jambo la jaji kuomba kura lina hatari yake, maana kesho anaweza kumhukumu mtu aliyemchangia fedha za kampeni. Lakini wenyewe wamelizoea.

Je, ngazi hizi mbili zinakutana wapi? Tutazame kesi moja ya kweli.

Alfajiri ya tarehe 3 Juni, 1961, mtu alivunja chumba cha mchezo wa pool mjini Panama City, katika jimbo la Florida. Vilipotea vinywaji na sarafu kutoka kwenye mashine. Shahidi mmoja alisema amemwona Clarence Earl Gideon humo ndani. Gideon alikuwa fukara, umri miaka 50, aliyeacha shule tangu utotoni na aliyewahi kufungwa zaidi ya mara moja. Alishitakiwa kwa sheria ya Florida, mbele ya jaji wa Florida. Akaomba apewe wakili kwa kuwa hana fedha. Jaji akamjibu kwamba sheria ya jimbo inampa wakili wa bure yule tu ambaye kesi yake inaweza kumpeleka kwenye kifo. Basi mzee wa watu akajitetea mwenyewe, akawahoji mashahidi kadiri alivyoweza. Raia sita wa baraza la juri walimwona ana hatia. Akapewa miaka mitano.

Akiwa gerezani alisoma vitabu vya sheria. Kwanza aliiandikia mahakama ya juu ya Florida. Ikamkatalia. Hapo ngazi ya jimbo ilikuwa imefika mwisho. Lakini Gideon hakuwa akilalamikia sheria ya wizi. Alikuwa akidai kwamba Katiba ya nchi nzima inampa kila mshitakiwa haki ya kuwa na wakili. Likizuka swali la namna hiyo, njia ya kwenda kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani inafunguka, kwa sababu sheria ya jimbo lolote haiwezi kupita juu ya Katiba hiyo. Mwezi Januari 1962 alichukua penseli na karatasi ya gereza, akaiandikia mahakama hiyo kwa mkono wake. Herufi hazikuwa nzuri na kiingereza kilikuwa na makosa. Barua ilisomwa, na mahakama ikamteulia wakili mashuhuri, Abe Fortas, amtetee.

Haikuwa kesi nyepesi. Mwaka 1942 mahakama ile ile ilikuwa imeamua kwamba majimbo hayalazimiki kumpa wakili kila fukara aliyeshitakiwa. Florida ikayaomba majimbo mengine yaiunge mkono. Machache yakaja upande wake, lakini majimbo 22 yakasimama na mfungwa! Tarehe 18 Machi, 1963, majaji wote tisa walikubaliana kwamba Gideon ana haki. Jaji Hugo Black ndiye aliyeiandika hukumu, na mwaka 1942 yeye alikuwa miongoni mwa wachache walioupinga uamuzi wa zamani.

Sasa tuangalie vizuri kilichofuata. Mahakama ya Juu haikusema kwamba Gideon si mwizi. Hiyo haikuwa kazi yake. Kesi ilirudi Florida, mji ule ule, jaji yule yule, shahidi yule yule. Tofauti ilikuwa moja: safari hii alikaa na wakili wa pale pale, Fred Turner. Wakili huyo alimbana shahidi kwa maswali, hata akamuuliza yeye mwenyewe alikuwa akitafuta nini pale alfajiri ile. Tarehe 5 Agosti, 1963, juri ilikaa kama saa moja tu, ikarudi na jibu: hana hatia. Alikuwa amekwisha kaa gerezani karibu miaka miwili.

Hukumu hiyo iliyafunga majimbo yote, lakini namna ya kuitekeleza iliachiwa kila jimbo. Kuna majimbo yanayolipa mawakili hao kutoka hazina yao, na kuna yanayoziachia wilaya sehemu kubwa ya mzigo. Huko fukara wa wilaya maskini anaweza kupata wakili mwenye kesi nyingi kuliko awezavyo kuzisoma. Florida yenyewe ilitunga sheria mwaka ule ule wa 1963 ya kuweka mawakili wa umma. Nao, kama walivyo majaji wengi wa nchi ile, wanagombea na kupigiwa kura na wananchi.