JINA KAMBARAGE LILITOKA WAPI?



Jioni moja tulikuwa darasani, chini ya mwembe. Somo lilikuwa kusoma majina ya watu. Tuliandika ubaoni: Julius K. Nyerere. Wanakisomo walisoma vizuri, mmoja baada ya mwingine, wakapigiana makofi. Ndipo mzee mmoja, ambaye siku zote hukaa nyuma karibu na baiskeli yake, akanyosha mkono.

"Mwalimu, hiyo K ni ya nini? Mbona imesimama peke yake, haina wenzake?"

Tukamjibu, "Hiyo ni Kambarage, baba. Limefupishwa tu."

"Haya. Na Kambarage maana yake nini?"

Hapo tulikwama. Tumepita chuo cha ualimu, na jina hilo tumeliandika ubaoni mara nyingi, lakini maana yake hatukuijua. Tulimwomba mzee atupe wiki moja. Tukauliza, tukasoma vitabu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tulisome jina lenyewe. Ka-mba-ra-ge. Lina silabi nne. Ni jina la Kizanaki. Wazanaki ni wakulima na wafugaji wa Mkoa wa Mara, mashariki ya Ziwa Victoria. Siyo kabila kubwa. Majirani zao ni Waikizu, Wakuria, Wajita na Waluo. Mwalimu Nyerere alizaliwa huko, katika kijiji cha Butiama, tarehe 13 Aprili 1922.

Lakini kabla ya mtoto tuanze na baba, maana jina la baba nalo lina kisa chake.

Baba yake aliitwa Nyerere Burito. Alikuwa chifu wa Wazanaki wakati wa ukoloni. Alizaliwa yapata mwaka 1860. Wakati huo nchi ilivamiwa na viwavi. Kila mkulima anawajua wadudu hawa. Mvua zinaanza, majani yanachipua, watu wanafurahi. Kumbe nondo wameshataga mayai. Baada ya siku chache viwavi wanatoka, wanatembea kama jeshi, wanakula majani ya mtama na ulezi mpaka shamba linabaki vijiti. Basi mtoto akazaliwa katika msiba huo, akaitwa Nyerere. Kwa Kizanaki nyerere maana yake ni kiwavi. (Usichanganye na nyenyere wa Kiswahili. Hao ni sisimizi wadogo, na herufi zake ni nyingine. Soma tena polepole: nye-re-re, nye-nye-re.)

Angalieni jambo hili. Mwaka ule wa viwavi hapakuwa na mtu wa kuandika habari ile katika daftari. Hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Lakini habari haikupotea. Waliiweka katika jina la mtoto. Mtoto akakua, akawa chifu, akazeeka, akafariki mwaka 1942, na kila alipoitwa jina lake wale viwavi walikumbukwa. Hata leo, mtu akitaja jina Nyerere huko Ulaya au Marekani, anataja viwavi wa Uzanaki bila kujua.

Sasa tuje kwa mtoto. Chifu alikuwa na wake 22. Mke wa tano aliitwa Mugaya. Huyu ndiye mama yake Mwalimu. Alipojifungua, mtoto hakuitwa Kambarage. Jina lake la kwanza lilikuwa Mugendi, yaani mtembeaji, mtu wa safari. Wengi wetu hatukulijua jina hilo, na si ajabu, maana halikukaa. Wazazi walipata ushauri wa mtabiri, ambaye kwa Kizanaki huitwa omugabhu. Mtabiri akasema mtoto aitwe Kambarage.

Kambarage ni nani? Katika imani za kale za Wazanaki, Kambarage ni pepo wa mvua. Tena ni pepo wa kike. Mtoto wa kiume akapewa jina la pepo wa kike, na hawakuona haya. Na inasimuliwa kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha kweli kweli. Mwezi wa Aprili ni katikati ya masika, kwa hiyo habari hiyo si ngumu kuiamini. Kwa mkulima hakuna habari njema kuliko hiyo: mvua imekuja, na mtoto amekuja.

Basi tazameni: baba ana jina la viwavi, mwana ana jina la mvua. Baba amebeba mwaka wa hasara, mwana amebeba mwaka wa neema. Hakuna aliyepanga hivyo. Kila mmoja aliandikwa na hali ya mwaka wake.

Majina ya mvua yapo katika makabila mengi. Waluo humwita mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua Okoth, na wa kike Akoth. Wasukuma wana Mabula, kwa sababu mvua kwao ni mbula. Kwa Kiswahili tuna Masika. Majina haya ni ya kawaida. Ukipita gulio utakutana na Mabula watatu kabla hujanunua chumvi. Mbona Kambarage ni adimu?

Sisi tunaona hivi. Mabula na Okoth ni majina ya mvua yenyewe. Mvua ni ya watu wote, kila mwaka inakuja, kila mwaka watoto wanazaliwa. Lakini Kambarage si mvua. Ni jina la yule anayeaminiwa kuileta. Jina la namna hiyo ni zito, halitolewi kila nyumba, na kama mlivyosikia hata kwa mtoto huyu lilitolewa baada ya kumwuliza mtabiri. Tena Wazanaki wenyewe ni wachache, na jina la watu wachache halisambai mbali.

Ipo na sababu nyingine. Jina lilifunikwa. Mtoto alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Huko, na baadaye Tabora, alikuwa ni Kambarage, mtoto wa Nyerere. Ndiyo maana majina yalifuatana hivyo: Kambarage Nyerere. Nyerere halikuwa jina la ukoo la siku nyingi. Lilikuwa jina la baba tu. Kisha tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21, alibatizwa akapewa jina Julius. Sasa majina yakawa matatu, na katika maandishi lile la katikati likakatwa likabaki herufi moja na nukta. K. Hiyo ndiyo K aliyoiona mzee wetu.

Herufi moja haiwezi kumwambia mzazi kitu. Wazazi waliotaka watoto wao wafanane na Mwalimu waliwaita Julius, au Nyerere. Katika madaftari yetu ya mahudhurio wamo akina Julius wengi. Kambarage hatujampata hata mmoja. Hata mambo makubwa ya nchi yamepewa yale majina mawili: uwanja wa ndege wa Dar es Salaam unaitwa Julius Nyerere, na bwawa la umeme la mto Rufiji vilevile. Lakini mpenzi wa mpira analijua jina la Kambarage, kwa sababu uwanja wa mpira wa Shinyanga unaitwa hivyo. Huenda wapo wanaoshangilia pale kila msimu bila kujua kwamba wamekaa katika uwanja wa pepo wa mvua. Jua la Shinyanga nalo mnalijua!

Mwalimu mwenyewe hakuacha desturi ya kuweka habari katika majina. Mtoto wake mmoja anaitwa Madaraka, neno lililokuwa midomoni mwa watu wote Tanganyika ilipokuwa inaelekea Uhuru wa mwaka 1961. Mwingine, Andrew, alipewa pia jina Burito. Hilo mmelisoma hapo juu kwa babu yake.

Tuliporudi darasani tukaeleza haya yote. Mzee aliyeuliza alinyamaza muda mrefu. Lakini mama mmoja akasema, "Mwalimu, hayo ya majina matatu kwa mtu mmoja ndiyo yaliyoniponza mimi."

Akatueleza. Mumewe alifariki na kuacha fedha kidogo za pamba. Jina lake hatutalitaja. Tuseme aliitwa Mabula. Katika kitabu cha pamba liliandikwa Mabula. Katika cheti cha ndoa liliandikwa jina lake la ubatizo na la baba, Mabula halimo. Katika cheti cha kifo karani alisikia vibaya, akaandika Mbula. Mama akapeleka karatasi zote katika ofisi moja. Akaulizwa, "Wanaume hawa watatu, mume wako ni yupi?" Watu wakacheka. Yeye alikuwa hajui kusoma wakati ule, hakuelewa kosa liko wapi. Alikwenda na kurudi kwa miezi saba, nauli ikala karibu nusu ya fedha zenyewe.

Darasa lote lilikuwa kimya. Mama akasema sasa hivi karani akiandika jina la mtoto wake, yeye huinama juu ya meza akafuata kalamu herufi kwa herufi. Karani mmoja alikasirika. Alimwambia, "Kasirika tu mwanangu, lakini hiyo a umeiruka."

Sisi hatusemi majina ya asili yaachwe, wala ya dini yaachwe. Mtu anaweza kuwa na majina manne, kama Mwalimu alivyokuwa na Mugendi, Kambarage, Julius na Nyerere. Tatizo ni pale cheti kimoja kinapobeba hili na kingine kinabeba lile. Jina ulilopewa nyumbani, kama unalitumia, liandikwe katika karatasi zote, na liandikwe namna moja.

Yule mzee wa K alikuja tena kipindi kilichofuata. Alikuja mapema, tukamwamkia. Alikuwa na jambo. Kitambulisho chake kinasema amezaliwa tarehe 1 Januari. Hiyo ni tarehe ya kubuni, maana hakuijua aliyozaliwa, na mwaka nao ulikadiriwa na mwandishi kwa kumtazama mvi. "Lakini nyumbani," akasema, "mdogo wangu wa kike anaitwa Uhuru. Alizaliwa ule mwezi wenyewe wa Uhuru. Na mama alisema siku ile nilikuwa machungani na ndama."

Tukakaa naye tukapiga hesabu. Uhuru ni Desemba 1961. Mtoto wa kuchunga ndama kwao huwa na miaka sita, au saba. Toa sita, unapata 1955. Toa saba, 1954. Alichukua kalamu mwenyewe, akaandika miaka yote miwili, akaviringa 1955. Tulipomwuliza kwa nini huo, alisema jina lake maana yake ni ukame, na mama yake alikuwa akisema ukame ule ulikuja mwaka mmoja baada ya kaka yake kuanza shule. Kaka yake bado anayo karatasi ya shule. Ataitafuta.

ZOEZI LA KIKUNDI

Someni habari hii kwa sauti, kila mtu aya moja. Kisha jadilianeni: kwa nini chifu aliitwa Nyerere? Kwa nini mtoto hakubaki na jina Mugendi? Katika kijiji chenu ni majina gani yanataja mvua, njaa, safari au usiku?

Baadaye kila mmoja aandike jina lake la nyumbani katika daftari, aligawe silabi, na aandike sentensi tatu: nani alimpa, kwa sababu gani, na mwaka gani au tukio gani. Ambaye hajui amwulize mama, shangazi au babu leo jioni. Mwisho, leteni kadi za kliniki za watoto na vyeti vyote mlivyo navyo. Tutavisoma pamoja, herufi kwa herufi.