Televisheni za Zamani za Pwani: Kuzitafuta na Kuzisoma

Mtu asimamaye ufukoni Bagamoyo na kutazama upande wa kaskazini-mashariki haoni ila maji, ijapokuwa Mji wa Zanzibar uko ng'ambo kwa umbali wa kilometa 45 hivi. Mviringo wa dunia humziba. Lakini Televisheni Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwaka 1973, mawimbi yake hayakukoma penye upeo wa macho. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Kwa hiyo televisheni iliyokuwamo katika nyumba ya Bagamoyo, Mbweni au Kunduchi kabla ya mwaka huo yaelekea ilikuwa na kazi mbili: kupokea matangazo ya Unguja, au kuonyesha kanda za video.

Ndiyo maana seti za namna hiyo, ambazo mitaani siku hizi huitwa televisheni za chogo, zastahili kutafutwa kabla hazijavunjwa zote kwa ajili ya shaba iliyomo ndani. Kila moja ni ushahidi wa jinsi watu walivyoishi na wimbi lililovuka bahari.

Tuanze na wimbi lenyewe. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu katika mstari ulionyooka, ila hewa huyapinda kidogo kuelekea ardhini. Umbali yanaoweza kufika, kwa kilometa, hukadiriwa kwa kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita; hufanywa hivyo kwa antena ya kurushia na ya kupokelea, kisha majibu hujumlishwa. Tuchukue mfano wa mnara wenye kimo cha mita 49. Kipeuo chake ni 7, nao hutupatia kilometa 28.8. Ili kutimiza 45 zabaki 16.2, tukigawanya kwa 4.12 twapata 3.9, ambayo mraba wake ni 15 na kitu. Basi mlingoti wa mita 15 au 16, yaani kimo cha mnazi wa kadiri, ungetosha. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi minara ya vimo vingine, nao wakokotoe upya.

Kwa hiyo mtafutaji na atazame kwanza juu ya paa. Mlingoti mrefu wenye kutu, ambao antena yake imeelekezwa baharini, huenda ni dalili kwamba chini yake palikuwa na televisheni ya zamani. Baada ya hapo aulize kwa adabu: kwa wazee wa nyumba, katika nyumba za wageni zilizodumu miaka mingi, na hasa kwa mafundi wa redio, ambao hawatupi kitu upesi. Bei isimpumbaze. Seti yenye sanduku zuri la mbao lililotafunwa na mchwa yaweza kuwa na thamani ndogo kuliko ya plastiki ambayo mwenyewe bado anakumbuka iliingiaje nyumbani. Maelezo hayo yaandikwe papo hapo.

Kabla ya kupangusa vumbi, piga picha kibandiko cha mgongoni, kionyeshacho volti, wati na mara nyingi nchi ilikotengenezwa. Andika pia kitasa cha stesheni kimeachwa kwenye namba ipi; usikizungushe kwanza. Huenda hiyo ndiyo stesheni ya mwisho kutazamwa.

Sasa tufike penye hatari, na hapa nasema bila kulainisha maneno: mwanafunzi asifungue mgongo wa televisheni. Tyubu ya picha ya rangi huhitaji zaidi ya volti 20,000 ili kuvuta elektroni hadi kwenye kioo. Tyubu yenyewe ni kama kapasita, kwa kuwa kioo kimepakwa tabaka zipitishazo umeme ndani na nje, nayo huweza kuhifadhi chaji kwa siku nyingi baada ya waya kuchomolewa. Tena ndani yake hamna hewa. Ikipigwa nyundo, hewa ya nje huiponda kwa ghafula na vipande huruka. Kioo cha nyuma cha tyubu ya rangi kina madini ya risasi, basi mabaki yake yasitupwe karibu na kisima.

Seti iliyolala miaka kumi isichomekwe moja kwa moja ukutani. Kapasita zake huwa zimekauka, na chumvi ya upepo wa bahari imekwisha kula viungio. Fundi mwangalifu huunganisha mfululizo balbu ya waya ya wati 100. Balbu ikimulika kwa muda mfupi kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna hitilafu inayovuta umeme kupita kiasi, nayo balbu imeuzuia usilete moto.

Ikiwaka, haitaona kituo. Mitambo ya zamani ya kurushia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Picha yaweza kupitishwa kutoka kwenye king'amuzi. Kama seti haina tundu la video, huhitajika kifaa kidogo cha kuigeuza kuwa wimbi la antena. Vijana wenye masikio mazuri watasikia mlio mwembamba. Ni mistari 625 ya kila picha, mara picha 25, ikichorwa mara 15,625 kwa sekunde.